Jinsi ya kufuatilia maisha ya mrithi wa kikabaila wa Scotland ukiwa hapa hapa Mombasa

Juzi mtoto wa dada yangu kaniletea kazi yake ya chuo, maisha na utumishi wa Lord Elgin, kurasa nne na zote kachanganya baba na mwana, roho iliniuma manake kahangaika kweli. Basi wenye kazi kama hiyo someni hapa.

Kwanza usifuate jina, fuata cheo na namba yake. Ni kama liwali zamani, ukisema liwali kila mtu ajua lakini liwali yupi, wa mwaka gani? Huyu Lord Elgin wetu, jina lake Victor Bruce, alizaliwa karibu na Montreal 1849, babake akiwa gavana mkuu wa Canada, utotoni yuwaitwa Lord Bruce kwa vile ndo mrithi, 1863 babake akafia India na yeye wa miaka 14 tu akawa Earl (cheo cha ukabaila cha kurithi) wa 9 wa Elgin. Mtego uko hapa: baba, yule wa 8, alitawala India kwa niaba ya Malkia Victoria 1862 hadi 1863, na mwana naye 1894 hadi 1899! Ukikuta "Lord Elgin" bila mwaka usiandike kitu kwanza.

Halafu chora jedwali, mwaka, alikuwa wapi, kazi gani, na safu ya mwisho weka Mombasa kulikuwa na nini mwaka huo. Hii safu usiiache hata kidogo. 1896 reli yaanza kujengwa kutoka hapa, vibarua watatoka India, ikabidi sheria ya kule ya uhamiaji irekebishwe ndo waje, na aliyekuwa juu kule ni huyu huyu Elgin. Reli nzima ilileta watu kama 32,000 na karibu 2,500 wakafa. Sasa shuka chini, Desemba 1905 yuko London ni waziri wa makoloni, 1908 aandika kwamba kule nyanda za juu za Kenya Wahindi wasigaiwe ardhi. Yani watu waliolaza reli ya kupandia huko! Mimi hapo huwa naweka kalamu chini kwanza.

Mengine andika pia, njaa ya India ya 1896-97, tauni ya Bombay, tume ya vita vya Makaburu aliyoiongoza 1902, na ule mfuko wa tajiri Carnegie wa vyuo vikuu vya Scotland aliousimamia, kazi nzuri hiyo na ni haki yake itajwe.

Maneno yake mwenyewe tafuta kwenye Hansard, kumbukumbu za bunge la Uingereza, ziko bure intaneti na simu yatosha. Tarehe za uteuzi angalia London Gazette, gazeti rasmi la serikali ya Uingereza.

Ukishamaliza jedwali, nenda kwa wazee wa familia zilizokuja na reli, piga hodi kwa adabu, kaa chini, ukipewa chai kunywa, halafu uliza babu yao alishuka Mombasa mwaka gani, na jibu lao liandike kwenye ile safu ya mwisho.