Kabla Chinchila Hajaingia Nyumbani, Pima Chumba

Wengi huanza na mnyama, wakaja na kizimba, na chumba wakakikumbuka mwisho. Kwa chinchila, mnyama mdogo wa jamii ya panya mwenye manyoya mengi, safari hiyo uiende kinyumenyume. Asili yake ni milima ya Andes huko Amerika Kusini, kwenye mawe, ukavu na baridi, na mwili wake mzima umeumbwa kwa ajili ya huko. Kishimo kimoja cha ngozi yake huweza kutoa nywele 60 au zaidi, ndiyo maana ukimpapasa unahisi kama unagusa moshi. Koti hilo ndilo lililomponza: waliwindwa mpaka wakakaribia kwisha porini. Wengi wa wanaofugwa leo ni wazao wa kundi dogo ambalo Mathias Chapman, Mmarekani aliyekuwa mhandisi wa migodi, alilisafirisha hadi California mwaka 1923. Karne imepita tangu hapo na koti ni lile lile.

Kwa hiyo tundika kipimajoto pale pale utakapoweka kizimba, na ukisome wiki nzima, hasa mchana jua linapochoma. Chinchila hustarehe kati ya nyuzi 10 na 20 za selsiasi. Zikifika 25 uwe macho. Zikizidi hapo, tena hewa ikiwa na unyevu, anaweza kuzidiwa na joto akafa siku hiyo hiyo. Na usidanganyike na feni. Feni hutupoza sisi kwa kukausha jasho, naye jasho hana. Joto lake hulitoa zaidi kwa masikio. Ukiyaona yamekuwa mekundu na mishipa imetuna, mhamishie penye ubaridi upesi. Kipande cha kigae au marumaru humpa mahali pa kujilaza akapoa kidogo, ila hicho ni kiraka tu. Kama chumba chako hakishuki chini ya nyuzi 25 bila kiyoyozi, na umeme wako hauaminiki, ushauri wangu ni mmoja: mwache. Kuna wanyama wengine wadogo wanaostahimili joto kuliko yeye.

Chumba kikifaulu, tafuta kona yenye kivuli, isiyopigwa na upepo wa moja kwa moja, mbali na jiko na televisheni. Hulala mchana na kuchangamka jioni mpaka usiku. Anayekiweka kizimba chumbani anakolala ajue kwamba saa nane za usiku kutakuwa na mtu anayeruka juu ya rafu, akitafuna mbao kwa bidii ya fundi aliyechelewesha kazi.

Kizimba kiwe cha chuma, na kiwe kirefu kwenda juu, mita moja au zaidi, kwa kuwa huyu ni mrukaji. Matundu ya wavu yawe membamba, hasa kama ni mtoto, maana chini ya manyoya yale mengi kuna kiwiliwili kidogo kinachopenya pasipodhaniwa. Urefu nao una hatari yake. Ukipanga rafu mbili tu, moja chini kabisa na moja juu kabisa, umemtengenezea mahali pa kuvunjika mguu. Zipange kwa kupishana kama ngazi, ili akiteleza aangukie rafu ya pili badala ya sakafu. Sakafu yenyewe isiwe ya waya mtupu: mguu hunasa, na nyayo hupata vidonda visivyopona haraka. Kama kizimba ulichopata kina sakafu ya waya, funika kwa mbao au kwa kitambaa kizito kisichochomoka nyuzi.

Plastiki iondoe yote, hata ile iliyokuja na kizimba. Meno ya chinchila hayakomi kukua maisha yake yote, kwa hiyo atatafuna chochote kilicho mbele yake. Vipande vya plastiki vikiingia tumboni vinaweza kuziba utumbo, na mnyama huyu hana uwezo wa kutapika. Rafu na kijumba cha kujifichia viwe vya mbao ya msonobari iliyokaushwa kwenye tanuri, isiyopakwa rangi wala vanishi. Mwerezi usiutumie, hata kama harufu yake inakupendeza. Mafuta yake hudhuru mapafu. Kijumba hicho ni cha lazima, kwa kuwa kwao yeye ni windo, na windo lisilo na pa kujificha halilali.

Kuhusu gurudumu la mazoezi, hapa ndipo nilipokosea mwenyewe. La kwanza nililonunua lilikuwa la vijiti vya waya, dogo, na muuzaji aliniapia kwamba linatosha. Chinchila wangu alikimbia juu yake mgongo ukiwa umepinda kama upinde, na siku ya tatu nikalitoa baada ya kuona kidole cha mguu kikipita katikati ya vijiti. Gurudumu linalofaa lina kipenyo cha sentimita 38 hivi au zaidi, uso wake ni bapa usio na nafasi, na halina vyuma vinavyokatiza mbele kama mkasi. Ile mipira ya kumfungia mnyama ndani ili abingirike sakafuni usiiguse kabisa: hewa ni haba, joto hujikusanya, na hana njia ya kutoka.

Gurudumu peke yake halimtoshi. Anahitaji kutoka kizimbani karibu kila jioni kwa nusu saa hadi saa moja, akishazoea. Chumba cha kumtolea kikague ukiwa umepiga magoti, kwa kuwa macho ya mtu aliyesimama hayaoni anachokiona yeye. Nyaya za umeme ziinue au zifunike kabisa. Ziba nafasi nyuma ya kabati, ondoa mimea ya vyungu, funika ndoo ya maji, funga mlango na uwaambie wa nyumbani kuwa umefungwa kwa sababu. Kisha kaa chini utulie. Atakupanda mwenyewe. Ukimkimbiza na kumshika kwa pupa, atakuachia kishungi cha manyoya mkononi aponyoke. Ndivyo anavyowatoroka maadui zake, na manyoya hayo huchukua wiki nyingi kuota tena. Wakati wa kumrudisha, weka bakuli la vumbi mlangoni mwa kizimba. Ataingia bila ugomvi.

Vumbi lenyewe ndiyo sabuni yake. Manyoya yale yakilowa hukauka kwa taabu na ngozi huanza kuota ukungu, kwa hiyo maji hayamfai. Tafuta vumbi maalumu la chinchila, laini kama unga, la mawe ya volkano. Mchanga wa kawaida una punje nzito zinazokwaruza, hauingii mpaka kwenye ngozi. Mara mbili au tatu kwa wiki, dakika 10 hadi 15, kisha uliondoe. Likikaa humo kutwa ataligeuza choo.

Chakula nitakitaja kwa ufupi, kwa kuwa hakina ufundi mwingi: nyasi kavu safi wakati wote, kijiko kimoja au viwili vya peleti (chakula kikavu kilichoshindiliwa kuwa vipande vidogo) kwa siku, na maji kwenye chupa ya kuning'iniza. Zabibu kavu, mbegu, karanga na matunda ndivyo watu humhongea urafiki, na ndivyo vinavyomvuruga tumbo likajaa gesi. Muulize anayekupa mnyama alikuwa akila nini hasa, uchukue kiasi cha chakula hicho hicho, na ubadilishe kidogo kidogo baada ya wiki mbili.

Daktari wa wanyama mtafute kabla hujamhitaji, na umwulize waziwazi kama amewahi kutibu chinchila. Dawa za jamii ya penisilini akimezeshwa huua vijidudu vya tumboni vinavyomsaidia kusaga nyasi, na hilo linaweza kumuua. Uliza pia sheria za unakoishi. Wa porini wanalindwa na CITES, mkataba wa kimataifa unaozuia biashara ya viumbe wa porini walio hatarini. Wa kufugwa hawamo katika zuio hilo, lakini kuna mahali kufuga kunahitaji kibali.

Ukitaka wawili, kwa kuwa ni wanyama wa kuishi kundini, chukua waliokwisha kuzoeana na wa jinsia moja. Mimba huchukua siku 111 hivi, na jike anaweza kushika nyingine mara tu baada ya kuzaa. Na kila mmoja anaweza kuishi miaka 10 mpaka 20, kwa hiyo mtoto wa darasa la pili anayemlilia leo huenda akawa ameshahama nyumbani huku wewe bado unabadilisha nyasi.

Siku ya kumleta, funika nusu ya kizimba kwa shuka jepesi, weka nyasi na maji, uondoke. Siku tatu za mwanzo usimshike. Ongea naye ukipita, ili aizoee sauti yako. Usiku wa kwanza anaweza kubweka kwa sauti kali ya kushtua, usiende kumbembeleza. Asubuhi tazama trei ya chini. Vinyesi vikavu vya umbo la punje ya mchele vikiwa vingi, amekula na tumbo linafanya kazi. Ikiwa hakuna, na nyasi ziko vile vile ulivyoziacha, mpigie daktari siku hiyo hiyo.