Namna ya kupima glutamini sinthetasi katika vinundu vya mizizi ya kunde

Anayeanza kuchunguza vinundu vya mikunde kwa kawaida hukimbilia naitrojenasi, kimeng'enya cha bakteria kinachogeuza naitrojeni ya hewa kuwa amonia kwa gharama ya ATP (molekuli zinazobeba nishati ya seli) zisizopungua 16 kwa kila molekuli moja ya naitrojeni. Hilo si kosa, ila kipimo chake cha kawaida hudai gesi ya asetilini na kromatografu ya gesi, na kukata mizizi peke yake hushusha utendaji wa kinundu kabla hujafunga chupa. Mimi huanza na kimeng'enya kinachofuata, yaani glutamini sinthetasi, ambacho mmea hukitumia katika saitosoli yake (umajimaji wa ndani ya seli) kuipokea amonia inayotoka kwa bakteria na kuiunganisha na glutamati ili ipatikane glutamini. Kimeng'enya cha pili, glutamati sinthasi, huichukua glutamini hiyo pamoja na oksoglutarati na kurudisha glutamati mbili, moja ya kuendeleza mzunguko na moja ya matumizi mengine. Kipimo ninachokieleza hapa kinahitaji spektrofotomita ya kawaida (kifaa cha kupima mwanga unaofyonzwa na kimiminika), sentrifuji yenye ubaridi, mizani nzuri na barafu nyingi kuliko unavyodhani.

Nimechagua kunde kwa sababu hufanya vinundu na rizobia, yaani bakteria wa vinundu, waliomo tayari katika udongo wetu mwingi, bila kulazimika kupaka mbegu chanjo.

Hatua ya kwanza: kuchimba na kuchagua vinundu

Chimba mmea ukiwa katika kutoa maua au unapoanza kufunga maganda, asubuhi jua likishapanda kidogo. Usiung'oe kwa mkono, kwani vinundu vya pembeni hukatika na kubaki ardhini. Zungusha koleo umbali wa sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye shina, kisha inua bonge lote. Suuza mizizi haraka kwa maji baridi, ikaushe kwa karatasi, na uanze kuvuna vinundu papo hapo juu ya barafu.

Kabla ya kupima chochote, pasua vinundu 10 kwa wembe. Wekundu au uwaridi wa ndani ni leghimoglobini, protini inayobeba oksijeni kwa kiasi kidogo kinachowatosha bakteria kupumua bila kuiharibu naitrojenasi. Rangi ya kijani huashiria kinundu kilichozeeka, na weupe huashiria ambacho hakijaanza kazi au kimekaliwa na rizobia wasiofaa. Andika idadi ya kila rangi. Nimeona watu wakichanganya vyote katika kinu kimoja, kisha wakashangaa kwa nini mimea ya shamba moja inapishana mno; mara nyingi walichokuwa wamepima ni uwiano wa vinundu vizee na vichanga.

Pima gramu moja ya vinundu vyekundu. Usipoweza kuendelea siku hiyohiyo, vigandishe kwa naitrojeni kimiminika na uvihifadhi katika nyuzi 80 chini ya sifuri. Friza ya kawaida ya jikoni haifai.

Hatua ya pili: kusaga na kuchuja

Andaa bafa ya Tris (myeyusho unaozuia pH isibadilike) yenye ukolezi wa milimola 50 kwa lita na pH 7.8, uiongezee kloridi ya magnesi milimola 10, dithiothreitoli milimola 5 na gliseroli asilimia 10. Magnesi na gliseroli hukituliza kimeng'enya, na dithiothreitoli hulinda sehemu zake zenye salfa zisioksidike. Kwa kila gramu ya vinundu ongeza gramu 0.2 za polivinilipolipirolidoni, unga usioyeyuka unaonasa fenoli. Ukiuacha, mchujo hubadilika kuwa kahawia mbele ya macho yako na kimeng'enya hufa nao.

Saga vinundu katika kinu cha kauri kilichopozwa kwa mililita 5 za bafa hiyo, kwa mchi na kwa upole. Upole huu una sababu: bakteria waliomo ndani ya kinundu wana glutamini sinthetasi yao wenyewe, nawe unaitafuta ya mmea. Ukisaga kwa kiasi, seli za mmea hupasuka ilhali bakteria wengi hubaki wazima na kuzama kwenye mashapo. Mashine ya mawimbi ya sauti, ambayo wengine huipenda kwa kasi yake, huwapasua wote na kukuachia jibu lisilojulikana ni la nani. Chuja kwa kitambaa cha shashi, kisha zungusha mchujo kwa nguvu ya mara 15,000 ya mvutano wa dunia kwa dakika 20 katika nyuzi 4. Chukua kimiminika cha juu, ambacho kitakuwa chekundu, pima ujazo wake na ukiweke kwenye barafu.

Hatua ya tatu: mmenyuko wenyewe

Badala ya amonia tunakipa kimeng'enya hidroksilamini, nacho huipokea kama vile ni amonia na kutengeneza glutamili hidroksamati. Kiwanja hicho hutoa rangi ya kahawia kikikutana na kloridi ya feri, na hiyo ndiyo tunayoipima.

Katika mrija tayarisha mchanganyiko ambao ujazo wake wa mwisho utakuwa mililita 1, wenye bafa ya Tris milimola 100 kwa pH 7.6, glutamati ya sodiamu milimola 80, salfati ya magnesi milimola 20, hidroksilamini milimola 6 na ATP milimola 8. Hidroksilamini huuzwa kama chumvi yenye asidi, hivyo irekebishe pH yake kwa hidroksidi ya sodiamu muda mfupi kabla ya kuitumia, na usiihifadhi ikishayeyuka. Nilipoteza kazi ya siku nzima kwa kutumia ya wiki iliyopita, na mirija yote ikaonyesha kimeng'enya kana kwamba hakipo. Myeyusho wa ATP nao una asidi, urekebishe vilevile. Hidroksilamini ni sumu, kwa hiyo vaa glavu.

Pasha mirija hadi nyuzi 30, ongeza mikrolita 100 za mchujo, na uache dakika 15. Simamisha mmenyuko kwa mililita 1 ya myeyusho wenye kloridi ya feri mola 0.37, asidi ya trikloroasetiki mola 0.2 na asidi ya hidrokloriki mola 0.67. Protini itaganda, izungushe ishuke, kisha soma ufyonzaji wa mwanga katika nanomita 540.

Hapa ndipo vinundu vinapotofautiana na majani. Leghimoglobini yenye oksijeni hufyonza mwanga karibu na nanomita 541, mahali palepale unaposoma. Asidi huigandisha sehemu kubwa, lakini mabaki ya rangi hubaki. Kwa hiyo kila sampuli iwe na mrija wake wa ulinganisho, wenye mchujo uleule na kila kitu isipokuwa ATP, nafasi yake ikijazwa maji. Mrija mmoja wa ulinganisho kwa sampuli 20 hautoshi, kwani wekundu wa sampuli haulingani.

Rudia sampuli moja kwa mikrolita 50 za mchujo. Matokeo yasiposhuka hadi nusu, mmenyuko umekwisha malighafi au umepita muda ambao mazao yake huongezeka kwa kasi ileile. Punguza mchujo au dakika.

Hatua ya nne: hesabu

Chora mstari wa ulinganifu, unaohusisha ufyonzaji na kiasi, kwa glutamili hidroksamati safi. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, kwamba mrija umetoa mikromoli 1.2 kwa dakika 15, yaani mikromoli 0.08 kwa dakika. Iwapo kimiminika cha juu kilikuwa mililita 5 na umetumia mililita 0.1, zidisha kwa 50, upate mikromoli 4 kwa dakika kwa kila gramu ya vinundu. Pima pia protini kwa njia ya Bradford katika nanomita 595 na utoe jibu kwa kila miligramu, lakini kumbuka kwamba leghimoglobini ni sehemu kubwa ya protini hiyo. Mimi huripoti majibu yote mawili.

Hatua ya tano: kulinganisha na ureidi

Kipimo hiki hukupa uwezo wa kimeng'enya kinapopewa kila kitu kwa wingi, wala si kasi yake ndani ya mmea ulio hai. Ndiyo maana huambatanisha nacho kipimo cha naitrojeni inayopanda juu kwenye shina. Kunde, soya na maharage husafirisha naitrojeni ya vinundu zaidi kama alantoini na asidi ya alantoiki, ambazo ndizo ziitwazo ureidi, tofauti na njegere zinazosafirisha hasa asparajini. Safari ya ureidi hupitia purini, kundi la viwanja vyenye naitrojeni: kimeng'enya zanthini dihidrojenasi hutengeneza asidi ya uriki, kisha urikasi, iliyomo katika seli za kinundu zisizo na bakteria, huigeuza kuelekea alantoini kwa kutumia oksijeni.

Kausha mashina, yasage, chemsha gramu 0.5 katika maji na uchuje ufikishe mililita 25. Chemsha sehemu ya mchujo huo katika hidroksidi ya sodiamu, kisha katika asidi ya hidrokloriki, ili ureidi zote ziwe glioksilati. Ongeza fenilihidrazini, poza kwenye barafu, tia asidi kali iliyopozwa na ferisianidi ya potasiamu, na usome katika nanomita 525 bila kukawia, maana rangi hufifia. Fenilihidrazini nayo ni sumu; fanya kazi hii ndani ya kabati la kufyonza mvuke.

Glutamini sinthetasi ikiwa juu na ureidi zikiwa chini, usikimbilie kulaumu kipimo. Angalia kwanza udongo. Naitrojenasi na zanthini dihidrojenasi zote huhitaji molibdeni, na katika udongo wenye asidi madini hayo hayapatikani kwa urahisi, hivyo kunde huumia pande mbili: mwanzoni mwa njia na karibu na mwisho wake. Ikiwa pH ya shamba ni nzuri, rudi kwenye daftari la rangi za vinundu uone vyekundu vilikuwa vingapi kwa mmea mzima, kwa sababu gramu moja iliyochaguliwa vizuri inaweza kutoka kwenye mzizi wenye vinundu vitano tu vinavyofanya kazi.