Lethi ndogo ya nyumbani: itengeneze yenyewe kwanza, halafu vifaa vyake

Kama umepata lethi ndogo (mashine ya kuchonga chuma kikiwa kinazunguka) ya kuweka nyumbani, naomba kabla hujaanza kuchonga injini ndogo au kitu chochote ulichokuwa unakitamani usome hii kwanza, manake nimeona watu wengi sana wanaanza na kazi kubwa, chuma kinatoka na mawimbi mawimbi kama kimetafunwa, wanaenda kununua visu vya bei na mashine bado inatetemeka vile vile. Kitu cha kwanza kutengeneza kwenye karakana ya nyumbani ni mashine yenyewe. Cha pili ni vile vifaa vidogo vya kuisaidia. Ukifanya hivyo zile kazi ulizozitamani zitakuja zenyewe na utazifurahia.

Tuanze na ulegevu. Krosi slaidi, ile inayoingia na kutoka, na ile slaidi ndogo ya juu yake, zote zinateleza kwenye njia zenye kingo zilizolala kwa pembe, na upande mmoja kuna ukanda mwembamba wa chuma unaosukumwa na skrubu tatu au nne, mafundi wengi wanauita gibu. Huo ukanda ndo unaamua slaidi ibane au icheze, na kwenye mashine ndogo nyingi unatoka kiwandani na kingo kali na mikwaruzo, nshakuta hata wenye vumbi la kusagia bado limeganda kwenye grisi. Toa slaidi yote, osha kila kitu kwa mafuta ya taa mpaka kitambaa kitoke safi, halafu chukua jiwe la kunolea lenye oili upitishe taratibu kwenye kingo za gibu na za slaidi. Hapa hupunguzi chuma, unaondoa zile ncha ndogo zilizosimama tu, ukisikia jiwe linateleza bila kukwama basi acha. Angalia na zile skrubu, ncha zake zikiwa zimechongoka vibaya zitazungusha gibu badala ya kuisukuma, zisawazishe kwa tupa laini.

Ukirudisha, paka oili nyembamba, kaza skrubu ya kati mpaka uhisi imegusa, halafu za pembeni, kisha zungusha hendeli uone slaidi inatembea vipi mwanzo mpaka mwisho. Inatakiwa iwe nzito kidogo lakini uzito ule ule safari nzima. Ikibana sehemu moja na kulegea nyingine rudi kwenye skrubu ya hapo. Sasa kuna kitu kinawachosha watu hapa, unapokaza ile nati ya kufungia, skrubu nayo inazunguka pamoja nayo na kazi yote inaharibika, kwa hiyo shikilia skrubu kwa spana ya aleni mkono mmoja huku mkono mwingine unakaza nati, na ukimaliza jaribu tena hendeli. Mi huwa nafanya raundi tatu nne mpaka nitulie.

Utajuaje imekaa sawa? Weka dayo geji (saa ya kupimia yenye sindano) yenye sumaku kwenye kitanda, ule mwili mrefu wa mashine wenye reli, ncha iguse ubavu wa slaidi, halafu shika kishika kisu usukume na kuvuta kwa nguvu ya mkono. Sindano ikitembea 0.1 mm bado hujafika, mi nalenga iwe chini ya 0.03 mm. Usichanganye hili na ule mchezo wa hendeli, ule unapogeuza hendeli robo raundi na slaidi haijasogea, huo unatoka kwenye skrubu kuu na nati yake na ukiwa kidogo hauna shida. Dawa yake ni kuingia kwenye kipimo kutoka upande mmoja siku zote, ukipitiliza rudi nyuma zaidi ya ule ulegevu ndo uje tena mbele.

Sasa kitanda. Lethi ndogo ni nyepesi, na meza ikiwa imepinda kitanda nacho kinajinyonga kidogo, huoni kwa macho lakini chuma kitakwambia. Kamata kwenye chaki (kile kinachobana chuma na kukizungusha) fimbo nene ya chuma laini, milimita 25 hivi, itokeze kama milimita 120 bila kuishika na mkia, ile sehemu ya mwisho wa kitanda inayoshikilia ncha ya pili ya fimbo. Punguza katikati ili zibaki shingo mbili zilizonyanyuka, moja karibu na chaki na nyingine mwishoni, halafu pitisha kisu kikali kwenye zote mbili kwa mkato mwepesi sana bila kugusa hendeli ya krosi slaidi, kisha pima kwa maikromita. Tuseme ya karibu na chaki ni 24.00 na ya mwisho ni 24.04, maana yake kisu kilikuwa kinakimbia chuma kadri kinavyoenda kwenye mkia. Legeza bolti za upande wa mkia, weka bati jembamba chini ya mguu wa mbele, ule wa upande unaosimama wewe, kaza, kata tena, pima tena. Ikiwa kinyume, yaani ya mwisho ndo nyembamba, bati linaenda mguu wa nyuma. Fimbo nyembamba itakudanganya hapa kwa sababu inajipinda ikisukumwa na kisu, ndo maana nasisitiza iwe nene na mkato uwe mwepesi. Hii kazi inaweza kula jioni nzima na inastahili.

Baada ya hapo kuna urefu wa kisu, na hapa ndo kuna kifaa cha kwanza nachotaka utengeneze kwa mkono wako. Ncha ya kisu inatakiwa ikae sawasawa na katikati ya chuma kinachozunguka. Ikiwa chini, unapochonga uso wa fimbo kinabaki kichuchu katikati, ikiwa juu kisu kinasugua badala ya kukata. Njia ya haraka, mashine ikiwa imezimwa, ni kubana rula nyembamba ya chuma kati ya ncha ya kisu na fimbo ya duara, kwa upole. Rula ikisimama wima uko sawa, ikiinamisha kichwa kuja kwako kisu kiko chini, ikiinama kwenda nyuma kisu kiko juu. Inafanya kazi vizuri, lakini kila ukibadilisha kisu unaanza upya.

Kwa hiyo tengeneza kigezo. Kamata fimbo kwenye chaki, ichonge kidogo ili iwe duara kamili kwenye mhimili wa mashine, na usiitoe kwenye chaki manake ukiitoa kuirudisha haitakaa pale pale. Pima kipenyo chake, tuseme 20.00. Halafu kwa kalipa ya kina pima kutoka mgongo wa fimbo mpaka uso wa juu wa krosi slaidi, tuseme umepata 72.40. Toa nusu ya kipenyo, 72.40 kutoa 10.00, unabaki na 62.40, hiyo ndo katikati ya mashine yako na uiandike mahali haitafutika. Sasa chonga mnara mfupi wa chuma, kitako kipana ili usimame wenyewe, uso wa chini uchongwe na katikati yake uzame kidogo ili usiyumbe, halafu punguza urefu mpaka ufike 62.40. Zile sehemu mbili za kumi za mwisho za milimita nenda taratibu, pima kila mara, chuma kikiwa cha moto kitakupa kipimo kirefu kuliko ukweli. Kuanzia siku hiyo kuweka kisu ni sekunde chache, unaweka mnara juu ya krosi slaidi pembeni ya kisu, unapitisha ukucha kutoka mnara kwenda kwenye ncha, ukucha usikwame popote.

Mwendo wa mashine nao nauona watu wanabahatisha. Kwa kisu cha hai spidi (ile stili ngumu ya visu) na chuma laini anzia kasi ya mita 25 kwa dakika, yaani uso wa chuma unavyopita kwenye kisu, alumini unaweza kwenda mara mbili au tatu ya hapo. Zidisha hiyo kasi kwa 320 ugawe kwa kipenyo cha milimita, kwa hiyo fimbo ya 20 inapata mizunguko 400 kwa dakika. Fimbo ikinenepa mizunguko inapungua, basi.

Kifaa cha pili ni kizuizi cha kereji, ile sehemu inayobeba slaidi na kisu ikitembea juu ya kitanda. Ni kipande cha chuma kinachofungwa kwenye kitanda ili kereji ifike pale pale kila mara, na ukikitengeneza vizuri unaanza kuchonga mabega (zile ngazi kipenyo kinapobadilika) ya shafti kumi yote yakifanana. Chukua kipande kama cha 25 kwa 40, upande wa chini ukikate kwa msumeno na tupa ufuate umbo la reli ya kitanda, wino wa makapeni ya kuandikia maboksi paka kwenye reli, weka kipande juu, pale palipopata wino ndo pa kupunguza. Chini yake kuna kipande kingine kinachobana kwa bolti. Halafu toboa tundu linaloelekea kereji kwa keekee ya 5.0 mm, kata nyuzi za M6, weka skrubu ndefu yenye nati ya kufungia. Nyuzi za M6 za kawaida zinasogea milimita 1 kamili kwa kila mzunguko, kwa hiyo ukifunga kidude cha duara kwenye kichwa cha skrubu na kukigawa mara kumi una marekebisho ya 0.1 mm bila kununua chochote. Sasa nakuomba sana, usiiache kereji ikajisukume yenyewe kwa gia mpaka igonge kizuizi, utavunja kitu. Toa gia milimita chache kabla, malizia kwa mkono.

Kuna kitu huwa nakifikiria nikifanya kazi hizi. Mtu anauliza, ukihitaji uso ulionyooka ili kutengeneza uso ulionyooka, wa kwanza ulitoka wapi? Mwingereza Joseph Whitworth mwaka 1840 aliieleza hadharani njia ya sahani tatu, yaani mabamba matatu ya chuma: unazisugua mbili mbili zikiwa na rangi, ya kwanza na ya pili, ya pili na ya tatu, ya tatu na ya kwanza, ukikwangua zinapogusana. Sahani mbili zinaweza kukubaliana moja ikiwa na tumbo na nyingine na bonde, ila tatu haziwezi kukubaliana zote isipokuwa zimenyooka. Ule wino tuliopaka kwenye reli ni ukoo wa kazi hiyo hiyo.

Haya, kuchoma na kuzimisha chuma. Visu vidogo vya umbo maalum, panchi (ya kupigilia alama kwa nyundo), skraiba (ya kuchorea mistari kwenye chuma), vyote unaweza kutengeneza mwenyewe kwa silva stili, hii ni fimbo yenye kaboni ya kama asilimia 1, inachongeka ikiwa laini halafu unaigeuza ngumu kwa moto na maji. Mfano panchi: chonga ncha kwa pembe unayotaka, isugue kwa msasa laini mikwaruzo iishe, manake ufa huanzia kwenye mkwaruzo. Panga matofali ya moto, zima taa kali, pasha ncha kwa tochi ya gesi mpaka iwe nyekundu ya kung'aa kiasi, sio ya machungwa. Gusisha sumaku, ikiacha kukamata ongeza moto kidogo tu, hapo uko kwenye nyuzi 780 hivi. Ingiza kwenye maji ikiwa wima, ipandishe na kuishusha, usiipepee pembeni itapinda. Jaribu kwa tupa, tupa ikiteleza kama kwenye kioo imekuwa ngumu.

Hapo usiitumie. Panchi yangu ya kwanza niliitoa kwenye maji nikaipiga nyundo palepale kwa furaha, ncha ikaruka ikagonga kioo cha miwani niliyovaa, ile alama ipo mpaka leo. Chuma kikitoka kwenye maji ni kigumu lakini kinavunjika kama kigae, lazima ukipunguze. Kisugue king'ae, halafu kipashe taratibu kuanzia nyuma na uangalie rangi ikitembea kuja kwenye ncha. Njano hafifu ya majani makavu ni nyuzi 220 mpaka 230, inafaa kisu cha kukata. Kahawia ni 250 na kidogo, zambarau ni kama 280, na panchi naipenda kati ya hizo mbili. Rangi ikifika tu kwenye ncha, majini. Ule upande unaopigwa nyundo haukuchomwa na ubaki laini hivyo hivyo.

Ya usalama nayasema kwa moyo wote. Glavu usivae lethi ikizunguka, mikono mirefu ikunje, nywele funga, chenga za chuma zinazojiviringa zivute kwa ndoano na mashine imezimwa. Ufunguo wa chaki usikae kwenye chaki mkono wako ukiwa umetoka kwake, jizoeze mpaka mkono ukatae wenyewe.

Ukimaliza hivi, tengeneza kibao cha kuongozea tepu (kile chombo cha kukatia nyuzi ndani ya tundu), ni kipande kinene tu chenye matundu yaliyonyooka, kwa nyuzi za M5 unatoboa kazi yako 4.2, M8 ni 6.8, unaweka kibao juu na tepu inaingia wima bila kubahatisha, kila nusu raundi mbele rudisha kidogo nyuma ukate chenga. Na baada ya wiki mbili za kazi rudi kwenye zile skrubu za gibu uzikague tena, gibu mpya iliyosafishwa huwa inajikalisha na kulegea kidogo mwanzoni.