Chai, kahawa na vidonge: mambo ya kuzingatia kabla ya kutumia, ukiwa mjamzito

Kahawa kidogo haina neno kwa mjamzito. Kinachowaponyoka wengi ni hesabu. Uingereza mama hushauriwa asizidishe miligramu 200 za kafeini kwa siku, na Shirika la Afya Duniani (WHO) linawataka wanaovuka 300 wapunguze, kwani kiwango kikubwa kinahusishwa na mimba kuharibika na mtoto kuzaliwa na uzito mdogo. Kafeini hupita kwenye kondo la nyuma, na mtoto aliye tumboni hawezi kuisaga. Mimba inavyokua, hata mwili wa mama huchelewa kuiondoa. Kahawa ya saa kumi jioni inaweza kuwa bado imo usiku wa manane.

Basi kabla hujajimiminia, piga hesabu ya siku nzima. Kikombe kikubwa cha chai kina takriban mg 75, cha kahawa ya kukoroga 100, kopo la kola 40, kinywaji cha kuongeza nguvu cha mililita 250 kina 80. (Chai iliyochemka mpaka ikawa nyekundu, kama tunavyoipenda, usiitegemee kubaki kwenye 75.) Sasa kichwa kinauma. Panadol Extra ina mg 65 za kafeini kwa kila kidonge. Vidonge viwili, chai moja, kahawa moja: 305, na mtu ataapa kwamba leo kanywa vikombe viwili tu. Ukifika duka la dawa, sema mapema kuwa una mimba, omba parasetamo tupu, na geuza pakiti usome kilichomo kabla ya kulipa. Aliyezoea kahawa nyingi apunguze polepole. Kuacha ghafla nako huleta maumivu ya kichwa, na hapo ndipo mkono unapokimbilia kidonge kile kile.

Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki zisinunuliwe kienyeji. Kuanzia wiki ya 20 zinaweza kudhuru figo za mtoto na kupunguza maji ya uzazi. Doksisaiklini (antibayotiki) iliyobaki kabatini nayo iache, inaweza kuharibu rangi ya meno ya mtoto.

Kwa maoni yangu, hofu ya dawa huleta madhara zaidi kuliko kikombe cha kahawa. Mwenye kifafa, presha, pumu au anayetumia ARV asiache dozi kwa sababu tu kipimo kimeonyesha mimba. Zipo dawa za kubadilishwa, kama valproati ya kifafa, ambayo inaweza kumsababishia mtoto ulemavu. Lakini anayebadilisha ni daktari, na ingefaa mazungumzo hayo yafanyike kabla ya kushika mimba.

Vidonge vya kuongeza damu vimeze kwa maji, mbali na chai kwa saa moja au mbili, maana chai huzuia madini ya chuma yasifyonzwe vizuri. Dawa ya SP ya kukinga malaria hutolewa kliniki kuanzia wiki ya 13. Kama ulipewa foliki asidi ya mg 5, mtajie muuguzi, kwa kuwa kiwango hicho hupunguza nguvu ya SP.

Siku ya kliniki, tia pakiti zote kwenye mfuko pamoja na kadi. Hata chupa ya mitishamba aliyoleta mama mkwe ibebe, na kama haina jina, mweleze muuguzi ni ya nini na unakunywa kiasi gani.