Somo: Kuvuta Jeep nyuma ya motahomu bila kuua gia boksi

Haya wakuu, tangu niweke ile picha ya Jeep ikivutwa kule Arizona maswali hayaishi, so leo naandika yote kwa pamoja. Kwa walioko nyumbani: huku Marekani watu wakisafiri na motahomu, ile nyumba yenye injini, wanavuta na gari dogo nyuma, matairi yote manne chini, maana ukishapaki kambini huwezi kwenda supamaketi kununua mkate na dude la futi 35.

Kabla ya kununua chochote soma kitabu cha gari lako. Otomatiki nyingi pampu ya oili ya gia boksi inazungushwa na injini, sasa injini imezimwa huku matairi yanazunguka, oili haipandi, vyuma vinasagana vikavu, kwisha habari. Jeep Wrangler inapendwa kwa sababu transfa kesi yake, lile boksi linalogawa nguvu kwa matairi ya mbele na nyuma, ina nyutro ya kwake, inayatenga magurudumu na gia boksi kabisa.

1. Uzito. Motahomu nyingi za petroli zinaruhusu kuvuta pauni 5,000, zile kubwa za dizeli hata 10,000. Wrangler ya milango minne ni 4,000 na ushee kabla hujajaza makorokoro. Kama chuma cha kuvutia, kile kinachounganisha Jeep na motahomu, kinabeba 8,000 ila tundu lake kwenye motahomu ni 5,000, wewe hesabu 5,000.

2. Chuma. Bamba la mbele ya Jeep, pale chuma kinaposhika, linafungwa kwenye chesisi, SIYO kwenye bampa. Chuma kikae mlalo, ncha ya motahomu na ya Jeep zikipishana kimo kutoka chini zisizidi inchi 3, zikizidi kuna adapta ya kushusha.

3. Kebo mbili za usalama, zipite msalaba chini ya chuma, kikichomoka kidakwe kisichimbe lami.

4. Taa. Breki na indiketa za Jeep zifuate za motahomu, weka daiodi, kidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu, ili umeme usirudi kuchezea mifumo ya Jeep.

5. Breki. Mimi natumia boksi linalokaa mbele ya siti ya dereva ndani ya Jeep na kukanyaga pedeli lenyewe. Kuna na kile kikebo cha dharura, gari likikatika kinavuta swichi breki zinakamata. Kifunge kwenye motahomu yenyewe, usikifunge kwenye zile kebo za usalama.

6. Gia, hapa ndo watu wanaumia. Ukishaunganisha kila kitu, injini inawaka, kanyaga breki, gia weka N, transfa kesi nayo weka N. Ingiza D ndo uachie breki, halafu R hivyo hivyo. Gari likijivuta hata kidogo, transfa haijaingia, rudia. Likitulia kabisa zima injini, gia weka P (manyuo iache ndani ya gia), staringi isijifunge, halafu shusha hendibreki.

Hiyo hendibreki naisema kwa uchungu. Safari yangu ya kwanza niliisahau, motahomu nzito bwana, husikii kitu, mpaka dereva wa lori akanipigia honi ananionyesha nyuma. Nashuka, moshi, harufu ya breki zilizoungua, rimu ya nyuma haishikiki. Siku hizi nikitembea kama maili 5 nasimama, nagusa rimu zote nne kwa mkono.

MASWALI

Swali: Mkuu mi nina Honda CR-V ya 2013 otomatiki, inafaa?
Jibu: Inafaa, ila ina utaratibu wake, unapitisha gia zote, D sekunde 5, halafu N, unaacha injini inaunguruma dakika 3 ndo unazima. Ya 2015 kuja juu usijaribu, gia boksi ilibadilishwa.

Swali: Kaka, si mtu akae tu ndani ashike staringi kama tunavyovuta kwa kamba huku kwetu?
Jibu: Hapana jamani. Kamba inahitaji dereva kwa sababu haina mwelekeo, chuma kinageuza matairi chenyewe. Humo ndani hakai mtu.

Swali: Nikikosea njia sheli naweza kurivasi kidogo tu?
Jibu: Hata mita moja usijaribu. Matairi ya mbele ya Jeep yanajikata pembeni, unapinda chuma cha hela nyingi. Chomoa pini, tenganisha, mkeo aendeshe Jeep, wewe geuza motahomu, muunganishe upya. Na hatua ya 6 unaianza mwanzo.