Jinsi ya kufurahia vyura, mijusi, kobe na nyoka: bwawani kwako na ukiwa safarini

Watu wengi wakisikia mtu anapenda vyura na nyoka wanadhani lazima awe na vizimba na matanki ya vioo ndani ya nyumba, kumbe njia tamu kuliko zote haikulazimu kumkamata hata mnyama mmoja. Unawaandalia mahali, unatulia, wanakuja wenyewe. Na ukiwa safarini ni ileile, unaenda walipo, unatulia, wanajitokeza. Nitaeleza yote mawili ila nianze na bwawa manake hapo ndo utajifunza macho ya kuona, na mtu aliyezoea kuangalia chura wa nyumbani kwake akifika msituni anaona mara kumi ya wengine.

Sasa bwawa. Usiwaze kitu kikubwa, hata la mita moja kwa mbili linatosha kabisa kuanzia. Chagua sehemu inayopata jua nusu siku na kivuli kidogo, isiwe chini ya mti mkubwa kwa sababu majani yakijaa yanaoza na maji yananuka. Katikati chimba kama sentimita 60, alafu upande mmoja lazima uteremke taratibu mpaka maji yawe ya kulowanisha kidole tu, hili wengi wanalisahau. Ukingo ukiwa wima kama ukuta wa ndoo, vyura wadogo wakitaka kutoka wanashindwa, wanahangaika mpaka wanakufa maji, ndio, chura naye anakufa maji akichoka. Chini tandika mchanga au mazulia machakavu ndo uweke turubai nene la plastiki juu yake, mawe yasije yakalitoboa.

Maji ya mvua ndo bora. Ya bomba yana klorini, yaache wazi siku mbili tatu itoke, ila kama kwenu wanatumia kloramini hio haitoki kwa kusubiri, tumia ile dawa ya kuondoa klorini wanayotumia wafuga samaki. Weka mimea ya majini ya eneo lako, mingine izame, mingine ichomoze, na tafadhali gugu maji usiliguse hata kama maua yake mazuri, limetoka Amerika Kusini na likipata njia ya kwenda mtoni limeziba kila kitu.

Afu samaki, hapana. Najua inauma kidogo manake bwawa bila samaki watu wanaliona pungufu lakini samaki wengi wanakula mayai na viluwiluwi, unaweza ukakaa mwaka mzima unashangaa mbona vyura wanaimba na watoto hawaonekani. Chagua moja, bwawa la samaki au bwawa la vyura.

Nje ya maji ndo wanakoishi muda mwingi kwa hio usifyeke kila kitu. Acha nyasi ndefu upande mmoja, weka magogo yanayooza, lundo la majani, mawe yaliyopangana yakaacha mianya. Jiwe moja bapa lielekee jua la asubuhi, hapo mijusi watakuja kuota, manake mwili wao hautengenezi joto la kutosha wenyewe, lazima walipate nje ndo waweze kukimbia na kumeng'enya chakula. Dawa za wadudu na za magugu acha kabisa karibu na bwawa. Na paka, kama unae mlaze ndani usiku, paka ni muuaji mkubwa wa mijusi na vyura.

Mbu! Hili swali huwa halikosekani, na ni swali la haki. Bwawa jipya wiki za mwanzo litakuwa na mabuu wa mbu kwa sababu wanaowala bado hawajafika, yaani watoto wa kereng'ende na wadudu wengine wawindaji wa majini. Usiwategemee viluwiluwi wa chura kwa kazi hii, wengi wao wanakwangua mwani tu. Weka pampu ndogo ya kutikisa maji, na kama malaria au dengi ipo unakoishi kagua maji kila wiki, ukiona mabuu wa mbu tumia zile tembe za bakteria wanaoitwa Bti, zinaua mabuu wa mbu na haziwadhuru vyura. Na kama kuna mtoto mdogo nyumbani funika bwawa na wavu wa chuma imara, maji ya kina kifupi nayo yanazamisha.

Alafu subiri. Hapa ndo watu wanakosa subira wanaenda kuchota mayai ya chura kwenye dimbwi la mbali wanayaleta. Usifanye hivyo, na sababu ni nzito. Kuna fangasi anaitwa Batrachochytrium dendrobatidis, alipewa jina 1999, anashambulia ngozi ya chura. Ngozi kwa chura ni kila kitu, anapumulia, ananywea maji, anasawazishia chumvi za mwili, sasa fangasi akishaiharibu chumvi zinavurugika mpaka moyo unasimama. Utafiti wa 2019 ulionyesha spishi zaidi ya 500 zimepungua kwa sababu ya huu ugonjwa na 90 kati ya hizo zinadhaniwa zimetoweka kabisa. Na anasafiri kwenye maji, matope, mimea, wanyama wenyewe. Ndoo moja tu ya mayai inatosha kumhamisha. Kwa hio hamna kubeba mayai, hamna kubeba chura, kama eneo lenu wapo watalinusa bwawa na kuja, mara nyingi ni msimu wa kwanza au wa pili.

Wakishafika raha inaanza. Usiku wa mvua za kwanza toka nje usikilize. Wanaoita karibu wote ni madume, na kila spishi ina mlio wake, rekodi na simu kisha rudia kusikiliza, baada ya muda utajua nani yupo bila hata kumuona. Asubuhi tafuta mayai: bonge la ute ni la chura wa kawaida wa kuruka, uzi mrefu wenye vidoti vyeusi uliojizungusha kwenye mimea ni wa wale wazito wenye ngozi ya vipele wanaojikokota, na sehemu za joto unaweza kukuta povu jeupe limening'inia kwenye tawi juu ya maji, hao ni vyura wa mitini, viluwiluwi wakiwa tayari povu linalainika wanadondoka wenyewe majini.

Chagua bonge moja, uliangalie kila siku, kweli hakuna kitu kizuri kama hiki. Siku ya kwanza ni kidoti cha duara ndani ya ute. Kinarefuka, kinajikunja, kisha kinatikisika. Kiluwiluwi akitoka hali chakula kwanza, ananing'inia tu kwenye ute, na ukitumia lenzi ya kukuzia utaona mashavu yake yana vishada vidogo, ndo yavuyavu ya nje anayopumulia majini, baadae ngozi inayafunika. Wiki zinapita, miguu ya nyuma inachomoza. Ya mbele inakua kwa kujificha chini ya ngozi afu inapasua kutoka nje, unaweza ukamuona asubuhi ana mkono mmoja na jioni ana miwili. Kuanzia hapo hali chochote, mdomo wa kukwangua mwani unageuka kuwa mdomo mpana wa kudaka wadudu, na chakula chake muda huo ni mkia wake mwenyewe, mwili unaunyonya mpaka unaisha. Siku hizo usifyeke nyasi kando ya bwawa, vichura wa ukubwa wa kucha wamejaa humo.

Na chura mkubwa akidaka mdudu mwangalie macho. Anayafumba na yanazama ndani ya kichwa, si kwamba anasikia utamu, mboni zinashuka kusaidia kusukuma chakula kooni.

Kuhusu kushika, ushauri wangu ni usishike. Mikono yetu ina chumvi, mafuta ya jua, dawa ya kufukuza mbu, na vyote hivyo vinaingia kwenye ngozi ya chura. Ikibidi kumuokoa barabarani lowanisha mikono kwa maji safi kwanza, mvushe kuelekea upande aliokuwa anaenda, kisha nawa kwa sabuni. Vyura wa vipele wana matezi ya sumu nyuma ya macho, kwa mtu ni kunawa tu na kutojigusa macho, ila mbwa akimtafuna anaweza kuumwa vibaya. Kobe na mijusi nao wanabeba salmonela, bakteria wa kuharisha, watoto wanawe kila mara.

Haya, safarini sasa. Kitu cha kwanza angalia msimu kabla ya kukata tiketi, vyura ni mvua, mijusi na nyoka ni joto na jua, kwenye nchi za baridi majira ya kuchipua ndo kila kitu kinaamka. Cha pili tenga usiku. Mchana unaweza kuzunguka msitu mzima usione kinyonga, usiku ukipita na tochi palepale unakuta amelala kwenye ncha ya tawi, rangi imepauka, anang'aa kwenye mwanga kuliko majani yote yaliyomzunguka. Shika tochi karibu na jicho lako, sio kiunoni, ndo utaona macho ya wanyama yakirudisha mwanga. Ukimuona usimmulike muda mrefu na usitikise tawi, mwache alale. Kama vinyonga ndo ugonjwa wako nenda Madagaska, karibu nusu ya spishi zote duniani wako huko, akiwemo Brookesia nana aliyetambulishwa 2021, dume lake ukimuondoa mkia ana kama milimita 13.

Tumia mwongozaji wa eneo husika. Anajua shimo gani lina nani, na pesa yako inawapa watu wa pale sababu ya kuulinda msitu. Pwani ukienda kuona kasa wakitaga, hakuna fleshi, hakuna tochi nyeupe, kaa nyuma yake na subiri mpaka aanze kutaga, ukimshtua mapema anarudi baharini bila kutaga. Vifaranga wa kasa wanafuata upande wenye mwanga kwenda baharini, mwanga wako unawapoteza. Kobe wa nchi kavu usimnyanyue hata kwa picha, akiogopa anamwaga maji aliyoyatunza kwenye kibofu na sehemu kame hiyo inaweza kumuua. Mamba, kaa mbali na ukingo wa maji, basi.

Nyoka nawapenda sana na nataka uwapende bila kuumia. Vaa buti na suruali ndefu, angalia kabla ya kukanyaga gogo, usiingize mkono usipopaona, usiku usitembee bila tochi. Ukimuona simama, rudi nyuma taratibu, mita kadhaa zinatosha kumfurahia hasa ukiwa na darubini. Kifutu hakimbii, anategemea usimuone, ndo maana anakanyagwa. Mtu akiumwa mtulize, vua pete na saa, kiungo kisichezeshwe, hospitali haraka. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kubana, na usimkimbize nyoka. Swila, nyoka anayetema sumu, akikutemea machoni osha kwa maji mengi muda huohuo kisha hospitali.

Kabla ya kuhama kutoka bwawa moja au msitu mmoja kwenda mwingine sugua matope kwenye viatu, pulizia dawa ya kuua vijidudu, kausha kabisa. Sio mbwembwe za watafiti hizi. Chura mdogo wa njano wa Kihansi, Tanzania, aliyegundulika 1996, alikuwa anaishi kwenye manyunyu ya maporomoko ya korongo moja tu duniani. Maji yakaelekezwa kwenye mitambo ya kuzalisha umeme, fangasi naye akaonekana pale, na 2009 chura huyo akatangazwa ametoweka porini. Amebaki kwa sababu wachache walikuwa wamepelekwa mapema kwenye bustani za wanyama za Bronx na Toledo kule Marekani, na kuanzia 2012 wakaanza kurudishwa.

Usinunue gamba la kasa, mkoba wa ngozi usiojua umetoka wapi, wala kinyonga wa kwenye boksi. Mkataba wa CITES wa 1973 unadhibiti biashara ya hawa wanyama kuvuka mipaka na uwanja wa ndege unaweza kukamatwa kweli. Na kama una kobe wa majini umemchoka usimwachie mtoni. Mnyama mgeni akienea anaweza kuwaharibia wenyeji, mfano Australia walileta chura wa miwa 1935 ili ale wadudu wa miwa, wadudu hawakuisha, chura akaenea na sumu yake inaua wanyama wanaomla mpaka leo.

Picha piga ukiwa umelala chini usawa wa macho yake, usimpange kwenye jani zuri. Ziweke iNaturalist, mtandao wa kurekodi viumbe unavyoviona, watakusaidia kumtambua na rekodi yako watafiti wanaitumia, ila spishi adimu wale wanaotafutwa na wawindaji wa biashara ficha mahali kamili kabla ya kupandisha, na uzime GPS ya picha kama unazituma pia kwenye magrupu.