Andika neno pamoja na jirani zake

Wewe unayejifunza Kiingereza, acha kujaza daftari maneno mapwekepweke na maana zake pembeni. Andika neno pamoja na yale ambayo huandamana nayo: si "decision" tu, bali "make a decision", si "depend", bali "depend on". Sisi "kufanya" inabeba karibu kila kitu, wenzetu wanagawa kati ya "make" na "do", na kanuni haikuokoi kila mara: "make a mistake", lakini "do homework". Kamusi za wanafunzi huonyesha haya kwenye sentensi za mifano, zile ambazo wengi huziruka (sijui kwa nini, ndizo zenye utamu). Chukua moja, igeuze iwe habari yako mwenyewe, kisha itamke kwa sauti.